Gesi haihitaji programu ya simu, inahitaji kifuniko

Leo tuziache seva na hifadhidata zipumzike kidogo, tuingie jikoni. Najua kuna atakayeuliza: mwandishi wa programu anatafuta nini jikoni? Jibu ni kwamba katika miezi michache iliyopita watu watatu wameniomba niwaandikie programu ya simu ya "kuokoa gesi". Mmoja ni jirani, mwingine tulisoma naye chuo, na wa tatu ni binamu yangu mwenye duka la kuuza mitungi. Wote wana wazo lile lile: unaweka kipima uzito chini ya mtungi, kipimo kinatumwa kwenye simu, simu inakuonya gesi ikikaribia kuisha, na pesa zinabaki mfukoni.

Kuunda kitu hicho si kazi ngumu. Lakini hebu tufikiri pamoja. Kujua gesi imebaki kiasi gani hakupunguzi gesi unayotumia, kama vile kuangalia salio la simu hakukuongezei dakika za kupiga. Kifaa hicho kitakuepusha na aibu ya gesi kuzimika ugali ukiwa nusu, basi. Msimamo wangu ni huu: akiba kubwa ya gesi katika nyumba zetu iko juu ya sufuria, na nyingine iko kwenye namba ambayo wauza majiko hawatuonyeshi. Nitaeleza zote mbili, na nitafanya hesabu mbele yenu ili anayetaka kunipinga ajue mahali pa kushika.

Kwanza, kwa nini jambo hili lina uzito? Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 23.9 ya nyumba za Kenya zilitegemea zaidi gesi kupikia, na asilimia 55.1 zilitegemea kuni. Serikali nayo imekuwa ikipanda na kushuka kwenye ushuru wa gesi: VAT iliondolewa 2016, ikarudi kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 Julai 2022, kisha ikaondolewa tena Julai 2023. Kila bei inapopanda, wanaoumia kwanza ni wale wenye mtungi wa kilo 6. Mtungi ukiisha tarehe 20 na mshahara ni tarehe 30, nyumba hairudi kula chakula baridi. Inarudi kwenye makaa au mafuta taa, pamoja na moshi wake na kikohozi cha watoto. Kwa hiyo gramu za gesi tunazozungumzia hapa ndizo zinazoamua nyumba itapikia nini siku kumi za mwisho wa mwezi.

Sasa hesabu. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati ya megajuli 46 hivi. Mtungi wa kilo 6 basi una megajuli 276, ambazo ni kama uniti 77 za umeme. Hiyo ni nishati nyingi! Tatizo ni kwamba si yote inayoingia kwenye chakula. Kwenye jiko la kawaida la gesi, nusu au zaidi kidogo ndiyo hufika ndani ya sufuria. Iliyobaki hupita pembeni mwa sufuria na kupasha hewa ya jikoni. Tuchukue asilimia 55. Maana yake kila gramu ya gesi inaipa sufuria yako kilojuli 25.

Chukua lita moja ya maji ya nyuzi 20. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hayasubiri nyuzi 100 kama kule Mombasa. Yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kuyafikisha hapo kunahitaji kilojuli 310, yaani gramu 12 za gesi. Hadi hapo hakuna wa kulalamika.

Sasa yaache maji hayo yaendelee kutokota bila kifuniko mpaka yakauke yote. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260 na zaidi. Kwa jiko letu hilo ni gramu 90 za gesi! Mara saba ya gharama ya kuyachemsha. Soma sentensi hiyo tena kama una haraka, kwa sababu makala yote imesimama juu yake. Lita moja ya mvuke uliotoka dirishani ni asilimia moja na nusu ya mtungi wako wa kilo 6. Ukipika maharagwe au githeri mara tatu kwa wiki, na kila mara ukawa unaongeza maji mpaka lita moja ikapotea, kwa mwezi umechoma zaidi ya kilo moja ya gesi kupasha mawingu. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya sita ya mtungi.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka uwaonyeshe. Maji yakishaanza kuchemka, joto lake haliongezeki tena hata ukifungua gesi mpaka mwisho. Maharagwe yaliyo kwenye maji yanayotokota polepole na yale yaliyo kwenye maji yanayoruka kwa fujo yanapikwa kwa nyuzi zile zile 94. Moto wa ziada hauivishi chochote. Kazi yake ni kutengeneza mvuke, basi. Hiyo pia ndiyo sababu maharagwe yanachukua muda mrefu zaidi huku bara kuliko pwani: nyuzi sita zinazopungua si mchezo, na moto mkubwa haukurudishii hata moja.

Sisi waandishi wa programu tuna desturi moja nzuri ambayo ningependa ihamie jikoni. Programu ikiwa nzito, huanzi kubadilisha mistari ovyo ovyo. Kwanza unaipima ili ujue muda unapotea wapi, kisha unarekebisha palepale. Kuna kanuni inayoitwa sheria ya Amdahl, kwa jina la Gene Amdahl aliyeieleza mwaka 1967. Kwa lugha ya sokoni inasema hivi: ukiboresha sehemu ndogo ya kazi, hata uiboreshe namna gani, faida yako haiwezi kuzidi ukubwa wa sehemu hiyo. Kama chai ya asubuhi inakula asilimia 10 ya gesi yako, basi hata ukianza kunywa chai baridi maisha yako yote, utaokoa asilimia 10 na hakuna zaidi.

Mfano mzuri ni maji ya kuoga. Nyumba nyingi mtu akisikia gesi imeisha haraka, anayelaumiwa ni yule aliyepasha maji ya kuoga. Tumpigie hesabu. Beseni la lita 15 kutoka nyuzi 20 hadi 40 linahitaji kilojuli 1,260 hivi, yaani gramu 50 za gesi. Ile sufuria ya maharagwe iliyoachwa wazi mpaka ikapoteza lita moja ilikula gramu 90 za bure, na hakuna aliyeigombeza! Bila kupima, tunamwadhibu asiye na hatia.

Utapimaje? Huhitaji kipima uzito cha kuunganishwa na intaneti. Tafuta ile mizani ndogo ya kuning'iniza ambayo wasafiri hupimia mabegi. Nyingi hubeba hadi kilo 50 na kuonyesha tofauti za gramu kumi. Zima jiko, funga mtungi, pima. Pika. Zima, funga, pima tena. Tofauti ndiyo gesi uliyotumia. Kwa vitu vidogo kama chai, jumlisha ya wiki nzima kisha ugawanye, maana mizani hiyo si ya sonara. Andika kwenye daftari au kwenye jedwali la kompyuta: siku, chakula, gramu. Baada ya wiki mbili utajua chakula kipi ndicho mfalme wa gesi nyumbani kwako. Kwangu maharagwe yaliongoza, na ndengu zikafuata kwa mbali. Kwako huenda ikawa supu ya mifupa, au matumbo.

Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye mtungi wenyewe, kwa hiyo unaweza pia kujua kilichobaki. Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme neno kuhusu zile regulata zenye mshale wa presha. Wengi huzinunua wakidhani mshale unaonyesha kiasi cha gesi. La hasha. Ndani ya mtungi gesi nyingi iko katika hali ya maji, na maadamu bado kuna maji hayo, presha hutegemea joto la mtungi, si wingi wa kilichomo. Mshale utakaa pale pale wiki tatu, kisha utaanguka siku ile ile gesi inapoisha. Mizani haidanganyi namna hiyo. Na tafadhali usiulaze mtungi wala kuutumbukiza kwenye maji moto ili "kukamua" gesi ya mwisho. Ukilala, gesi ya maji yenyewe inaweza kutoka kupitia regulata, na hapo unacheza na moto kwa maana halisi ya neno.

Ukishapima, haya ndiyo ninayopendekeza, kuanzia lisilo na gharama:

1. Funika sufuria. Kifuniko kinazuia mvuke kuondoka na joto lake. Nyanya zetu waliweka jiwe juu ya kifuniko cha chungu cha githeri, na wengine walitandaza majani ya mgomba. Hawakuhitaji shahada ya sayansi ya kompyuta kujua hilo.

2. Sufuria ikichemka, punguza moto mpaka maji yatokote kidogo tu. Hapa ndipo gesi nyingi huokolewa, na huchelewi kula hata dakika moja.

3. Moto usizidi kitako cha sufuria. Ukiona ndimi za moto zinapanda ubavuni, hizo ni shilingi zinazopanda dari. Sufuria ndogo ikae kwenye kichomeo kidogo.

4. Roweka maharagwe usiku kucha. Muda wa kupika unapungua sana, na kurowekwa hakulipiwi.

5. Angalia rangi ya moto. Wa bluu ni sawa. Wa njano unaoacha masizi chini ya sufuria maana yake gesi haipati hewa ya kutosha, au vitundu vya kichomeo vimeziba. Vizibue kwa brashi na sindano jiko likiwa limepoa. Moto wa namna hiyo pia huweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo hili si la pesa peke yake. Dirisha libaki wazi.

6. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya regulata na mpira. Mapovu yakikua, gesi inavuja. Usijaribu kamwe kwa kiberiti.

7. Chai iliyobaki itie kwenye thamosi badala ya kuipasha mara tatu.

Baada ya hayo ndiyo tunakuja kwenye kununua vitu. Cha kwanza kwangu ni sufuria ya presha. Ile nyingi ya jikoni huongeza presha kama ya anga moja nzima, na hapo maji hapa Nairobi hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 117. Umeirudishia Nairobi joto lililopotea kwa mwinuko, na ukaongeza mengine juu yake. Maharagwe yaliyorowekwa huiva chini ya saa moja, na mvuke unaotoka ni kidogo sana. Cha pili ni kapu la kupikia, lile linalofunikwa kwa blanketi na vitambaa ndani. Unachemsha chakula, unakifunika, unakiingiza kwenye kapu, nacho kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe bila gramu moja ya gesi. Maharagwe mekundu ni lazima yachemke vizuri kwa nusu saa kwanza kabla ya kuingia kapuni, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo joto la chini halitoi.

Vipi kuhusu vile vifaa vinavyouzwa mitaani na mitandaoni kwa jina la "kiokoa gesi"? Swali moja linatosha kumnyamazisha muuzaji: kinapunguza upotevu upi? Kama ni chuma kinachozunguka kichomeo na kuuelekeza moto kwenye kitako cha sufuria, hapo kuna jambo la kujadili, mradi hewa iendelee kuingia. Kama ni sumaku ya kufunga kwenye mpira wa gesi "kupanga molekuli", weka pesa zako mfukoni. Gesi ya kwenye mtungi huungua yenyewe vizuri kabisa ikipata hewa. Kinachopotea ni joto baada ya kuungua, na sumaku haifiki huko.

Sasa nije kwenye ile namba iliyofichwa. Ndugu zetu walioko Marekani, kule Minnesota na Massachusetts, wanaishi kwenye nyumba zinazopashwa joto kwa tanuri la gesi. Tanuri hilo linauzwa likiwa na namba inayoitwa AFUE, inayosema ni asilimia ngapi ya nishati ya gesi kwa mwaka inageuka kuwa joto la nyumba. Matanuri ya kawaida ni asilimia 80 hivi, na yale bora hupita 90. Na unajua yale bora yanapataje hizo asilimia za ziada? Yanapoza moshi mpaka mvuke uliomo ndani yake ugeuke maji, na joto la mvuke linarudi ndani ya nyumba. Ni mvuke ule ule tunaouachia dirishani! Mhandisi wa huko anaufukuzia kwa mabomba ya chuma cha pua. Mama wa hapa anaukamata kwa kifuniko.

India nako, ambako mamilioni wanapikia gesi ya mtungi kama sisi, kiwango cha majiko ya nyumbani kiitwacho IS 4246 kinataka jiko lifikishe angalau asilimia 68 ya joto kwenye sufuria. Hapa kwetu friji mpya ina stika ya nyota kuonyesha inakula umeme kiasi gani. Lakini nenda dukani ukaulize jiko la gesi linafikisha asilimia ngapi kwenye sufuria. Mimi nimeuliza katika maduka manne mjini. Nilielezwa rangi, unene wa kioo, na kwamba linawaka kwa kubonyeza. Namba, hakuna. Tofauti kati ya jiko la asilimia 50 na la 68 ni zaidi ya robo ya gesi yako kwa kazi ile ile, mwezi baada ya mwezi kwa miaka yote ya jiko hilo. Mnunuzi wa friji anaambiwa. Mnunuzi wa jiko anaachwa apapase gizani. Nadhani wakati umefika jiko la gesi, pamoja na ile meko ndogo ya kukaa juu ya mtungi, lipewe stika yake.

Kuna hoja mbili nimezisikia dhidi ya mawazo haya. Ya kwanza inasema huku ni kumlaumu anayepika, wakati tatizo ni bei. Nakubali bei ni tatizo, na sitaki msomaji yeyote wa kiume amalize kusoma hapa kisha aende kumhutubia mkewe kuhusu vifuniko. Pika wewe, upime wewe. Lakini bei ya gesi huiwezi wewe wala mimi, na kifuniko kiko kabatini. Ya pili inasema gesi yenyewe inapitwa na wakati, tuhamie presha kuka za umeme. Hoja hii ina nguvu. Sufuria ya namna hiyo imefungwa pande zote na joto linazaliwa ndani yake, kwa hiyo upotevu ni mdogo. Mwenye umeme wa kuaminika na pesa ya kuinunua, aende nayo. Wengine wengi bado watakuwa na mtungi kwa miaka mingi, na akiba yao haiwezi kungoja.

Kwa wenzangu waandishi wa programu nina neno la mwisho. Sasa hivi kuna gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, ambapo mita kwenye mtungi inahesabu unachotumia na kufunga pesa ikiisha. Mita hiyo tayari inajua gramu za kila mlo. Taarifa hizo zinatumika kukudai. Zinaweza pia kutumika kukufundisha. Ujumbe mfupi mmoja tu jioni, "maharagwe ya leo yametumia gramu 210, ya juzi yalitumia 120", ungefanya kazi kuliko mchoro wowote wa kupendeza wenye rangi saba. Binamu yangu nimemwambia nitamwandikia programu hiyo siku nitakapopata mita inayoniruhusu kuzisoma namba zake. Kwa sasa nimemshauri aweke mizani ya kuning'iniza dukani, na kila anayenunua mtungi aondoke akijua uzito wake.

Ukipima ya kwako, niandikie gramu zako na urefu wa mahali unapoishi kutoka usawa wa bahari. Ningependa sana kulinganisha maharagwe ya Kisumu, ya Eldoret na ya Malindi. Tukutane wiki ijayo.